Dakika Kumi na Mbili Alizozikata Gachau

Mimi sijawahi kumwita Gachau "DJ", na najua hilo limemuuma miaka yote tuliyofanya kazi ukuta kwa ukuta hapa mtaa wa Landless, Thika. Mimi, Mama Byron, napika chapati, yeye anawajazia watu muvi kwenye flashi. Wikendi watu hujibana kwenye mabenchi ya chumba chake cha mabati, naye hushika maikrofoni na kuitafsiri filamu kwa Kiswahili huku inaendelea, kazi ambayo watu huiita u-DJ. Mdomo anao, hilo sitamnyima. Anaweza kuwa Wachina watatu wanaopigana, pamoja na mama mkwe wao, kwa pumzi moja.

Kitu kimoja tu kilimshinda, nacho ni machozi. Mwigizaji akianza kulia, Gachau husema huyo ametoka kukatakata vitunguu, chumba kizima kinacheka, kilio kinapita. Aliniambia watu wametoka viwandani wamechoka, hawakuja kwake kuongezewa huzuni. Nilimwona ana akili.

Mkewe alikuwa Nafuna, mtu wa Bungoma, mpole kupita kiasi kwa mume kama huyo. Yeye ndiye aliyeichagulia nyumba ile katuni ambayo binti yao Waruguru aliipenda kuliko chakula. Ni ya msichana anayechunga mbuzi watano, na kila mbuzi ni kitu anachokisikia moyoni: furaha, hasira, woga, wivu, na wa mwisho, wa kijivu, ni huzuni. Huyo wa kijivu hukaa njiani na kukataa kwenda. Msichana anamficha nyuma ya nyumba ili baba yake asimwone, mpaka siku anapochoka, anaketi naye matopeni na kulia. Baba anamkuta hapo. Hasemi neno, anaketi tu kando yao. Kiingereza cha katuni hiyo kilikuwa cha puani, kwa hiyo Nafuna alimtafsiria mtoto sikioni, na wakifika hapo walilia wote wawili, wakafutana kwa leso moja.

Nafuna akatutoka ghafla kwa presha, Waruguru akiwa na miaka saba. Tulimzika Gatanga, kwa kina Gachau. Wiki mbili baadaye mtoto akaiulizia katuni yake, na wa kumtafsiria hayupo. Gachau akafunga duka, akaitafsiri na kuirekodi kwa sauti yake. Alipofika pale pa kulia, akakikata kipande hicho. Dakika kumi na mbili nzima. Msichana anamficha mbuzi, halafu mara unaona mbuzi wanne wanarukaruka kwenye majani mabichi, na sauti ya Gachau inasema haya, twende mbele.

Aliniita niione. Nikamwambia amefanya vizuri, mtoto ameshapata huzuni ya kumtosha. Maneno hayo ni yangu na siyakani.

Waruguru aliitazama mpaka akaijua kwa kichwa. Mara moja tu, nilipokuwa nimewapelekea chapati, alimwuliza baba yake yule mbuzi wa kijivu alienda wapi. Gachau akamjibu kwamba aliuzwa. Mtoto akaitikia kwa kichwa, akaendelea kutazama. Tangu hapo sikumwona akilia tena, si alipovunjika mkono, si tulipokwenda kupanda maua kwenye kaburi la mamake. Tulimsifu, tena mbele ya watu. Gachau aliwatangazia wateja kwamba binti yake ni chuma. Mungu atusamehe.

Sasa ana miaka kumi na tisa. Anatunza watoto Ruiru, kwenye deikea ya mama mmoja anayeitwa Mwongeli. Mwezi wa nne Mwongeli aliwawekea watoto ile katuni, nzima bila kukatwa, na Waruguru akaiona akiwa amebeba mtoto wa mtu mgongoni. Jumapili iliyofuata akaja Thika. Nilikuwa nimeketi nao, na hakupandisha sauti hata kidogo.

"Baba, ile part ya kulia, ni wewe uliitoa?"

Gachau akakubali. Akasema hakutaka alie.

"Nilikuwa nalia hapo na mum," Waruguru akasema. "Halafu ikakosekana, nikadhani niliota tu. Nikaona pengine wewe hutaki hiyo story ya mum kwa nyumba, so nikaiacha."

Gachau, mwenye mdomo ule ule wa Wachina watatu, akakusanya vikombe vitupu. Binti akaosha vikombe, akaomba radhi kwa kumsumbua, akarudi kazini.

Wiki iliyofuata spika hazikuwashwa. Gachau aliketi kuzitafsiri zile dakika alizozikata, nami nilimsikia kupitia ukutani akianza na kukoma, akianza na kukoma. Mwishowe akaja kuniambia kwamba pale baba anapoketi matopeni hapana maneno, na yeye hajui kutafsiri mtu aliyenyamaza. Nilimjibu kwa ukali, maana nilikuwa na hasira na sisi wote wawili. Nilimwambia aachane na kompyuta, aende akaketi na mtoto wake.

Akaenda Alhamisi mchana. Watoto wa deikea walikuwa wamelala. Alimkuta Waruguru jikoni, kichwa kwenye bega la Mwongeli, akilia kilio cha mtu mzima, akiita mamake. Gachau anasema alifurahi, kwamba hiyo ilikuwa ndiyo nafasi yake. Alikuwa ameshaanza kuinama ili aketi sakafuni kando yao.

Waruguru akainua macho, akamwona. Papo hapo akajipangusa uso kwa taulo ya mtoto, akasimama wima, akatabasamu.

"Karibu baba. Nikuwekee chai?"

Gachau alikaa nusu saa. Walizungumza juu ya mvua. Chai aliinywa yote, akaisifu, na binti akamsindikiza hadi getini akiwa na uso mkavu kabisa.

Jioni aliketi kwenye benchi langu, mwanamume wa miaka hamsini, akalia mbele ya wateja wangu bila kujificha. Nilimuuliza kama mtoto alimfukuza. Akatikisa kichwa.

"Anajua kulia, Mama Byron," akasema. "Ni mbele yangu tu hawezi."