Karatasi Zilizoonekana Tupu

Siku yangu ya kwanza kazini, pale Ngara, Mwalimu Mkuu hakunipa hata kiti. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku akinifunga kitambaa machoni, kisha akanisukumia karatasi. "Papasa. Ni nini hicho?" Nikapapasa weee, nikasema ni nyoka. Alicheka mpaka akakohoa. Ilikuwa ramani ya mto.

"Sikia, binti," akasema. "Jicho linaona yote kwa mara moja. Kidole kinatembea. Ukikijazia takataka njiani, kinapotea."

Basi hiyo ndiyo kazi iliyonizeesha: kugeuza picha za vitabuni kuwa michoro mguso, ile ambayo mtoto asiyeona anaisoma kwa vidole. Nyinyi mna mashine zinazochora zenyewe na bado mnanung'unika. Sisi tulianza na mchoro mama, tukaubandika kwa mikono: uzi wa katani kwa mstari mnene, uzi wa cherehani kwa mwembamba, punje za maharage kwa miji. Ukikauka unaulaza kwenye mashine ya joto na kuufunika kwa karatasi ya plastiki. Plastiki inalainika, inavutwa chini na kushika kila tuta. Ukiibandua, una nakala. Mende walipenda gundi yangu kuliko ugali, na nimewatukana mende hao matusi ambayo siwezi kuyaandika hapa.

Nilipohamishiwa Biharamulo nilimkuta Kabula, binti wa wafugaji wa Kisukuma waliohamia Nyantakara. Hakuona tangu azaliwe, lakini kichwa chake, jamani! Ukimwambia jambo leo, kesho anakufundisha wewe. Mwaka ule ilitangazwa nafasi moja tu katika sekondari ya bweni yenye walimu wa nukta nundu, maandishi ya wasioona, na ilikuwa ya kushindaniwa kwa mtihani wa mchujo. Baba yake alikuja shuleni akasema wazi, "Mwalimu, akipata, aende. Akikosa, narudi naye nyumbani. Kazi zipo."

Nilichora moyo wa binadamu kwa ajili ya swali kubwa la sayansi. Niliurudia mpaka kuta za vyumba vyake zikatofautiana vizuri chini ya kidole. Nikaufunga kwenye bahasha ya Kabula. Mchoraji haruhusiwi kuingia chumba cha mtihani, kwa hiyo nilibaki ofisini kwangu.

Jioni msimamizi, mwalimu wa shule nyingine, alinipitia. Hakuwa mtu mbaya. "Mwalimu," akasema, "hizi karatasi zako tupu zilikuwa ndani ya bahasha. Nilizitoa nikaziweka kabatini, nikahofia ni za kuandikia vibomu vya kuibia majibu."

Tupu! Plastiki nyeupe, mistari myeupe, wino hakuna. Nilimkamata mkono, nikakiburuza kidole chake juu ya ule moyo. Uso ukamshuka.

"Mungu wangu. Mtoto aliniuliza mchoro uko wapi, nikamjibu haupo, aandike anachojua."

Nilikwenda kwa Afisa Elimu. Hakuinua hata macho. "Mtihani umefanyika. Unataka nirudie mtihani wa wilaya nzima kwa ajili ya mmoja?" Nikamwambia ndiyo. Akaniita mtovu wa nidhamu. Nafasi ikaenda kwa mwingine, na baba akamchukua binti yake siku ile ile ya matokeo.

Shule zilipofungwa nilimfuata Nyantakara. Nilimkuta anapukuchua mahindi. "Shikamoo, mwalimu," akasema aliposikia sauti yangu, akaendelea kupukuchua. Nikamwekea ile plastiki mapajani. Vidole vikasimama, kisha vikaanza kutembea. Akataja vyumba vyote, akataja mishipa, akaonyesha damu inakoingia na inakotokea. Hakukosea popote.

"Kwa hiyo uliuchora?"

"Niliuchora, mwanangu."

"Mimi nilijua umenisahau." Alilia kimya, na mimi nikalia naye. Kisha akanirudishia. "Chukua. Hapa utaliwa na panya."

Nimestaafu sasa, niko Murukulazo na migomba yangu. Wanaoniuliza kazi ilikuwaje huwa nawaambia hili moja. Tangu siku ile, kila mchoro uliotoka mkononi mwangu niliupiga wino mweusi juu ya matuta. Wino huo haumsaidii asiyeona hata chembe. Niliuweka kwa ajili yetu wenye macho, ili tusiwatupie tena watoto karatasi zao. Umewasaidia wengi waliokuja nyuma. Kabula hakurudi shule.