Udongo wa Mama Lorna

Jamani, aibu hii nilitaka nife nayo, lakini kwa kuwa Kinole nzima wanaijua, bora mnisikie mimi kuliko kusikia iliyotiwa chumvi.

Mama yangu mkubwa anafinyanga vyungu huko Kinole, akapata mgeni, Mama Lorna, mfinyanzi kutoka Australia, wa wale wenyeji wa asili waliokuwako kabla ya wazungu, nami (kwa kiherehere changu na Kiingereza cha shule) nikajitolea kuwa mkalimani na kumlaza kwangu Kilakala. Alikuja na udongo mwekundu wa ardhi ya bibi yake, kaufunga kwenye kitambaa, akaomba nimtunzie pakavu, maana alitaka kuuchanganya na wa kwetu nusu kwa nusu, afinyange chungu kimoja awapelekee wazee wake. Nikauweka kabatini jikoni. Sasa, nilikuwa mjamzito, na wenzangu mliopitia hali hiyo mnajua udongo unavyoita. Nikaonja kipande, kidogo tu, na wallahi ule wa sokoni haufui dafu. Kesho yake nikamega kingine, nikijiambia kifurushi bado kinene (kumbe unene ulikuwa wa kitambaa).

Siku ya kufinyanga, akina mama wamejaa uani, Mama Lorna akafungua kitambaa mbele yao. Zilibaki chenga na vumbi. Alishika kifua. Kisha akaniomba niwaulize nani kaugusa, nami, Mungu anisamehe, nikawauliza. Wakaapa mmoja mmoja, nikatafsiri viapo vyote, mpaka mama mkubwa akanitazama mdomo (nilikuwa nimemega tena njiani asubuhi ile, na wekundu haukufutika).

"Mwambie ni wewe," akasema.

Nikamwambia. Mama Lorna akakaa chini palepale. Akasema taratibu, "Kwetu ile si mali. Ile ardhi ni ndugu yetu. Ndiyo bibi mwenyewe."

Mama mkubwa akanibana nitafsiri, nikasema kwa sauti ya kuibia, "Anasema nimemla bibi yake."

Hakuna aliyecheka, na hilo ndilo lililonitisha zaidi. Mama mkubwa akasema hata sisi udongo wa ukoo hauchimbwi bila kuwaomba waliotangulia, akaniamuru nipige magoti, na tumbo lote lile, nikiamkie kitambaa. Nikasema shikamoo bibi, naomba radhi. Kuinuka nikashindwa, Mama Lorna mwenyewe akanishika mkono, machozi yakimtoka.

Tangu hapo udongo sigusi, hata wa sokoni naupitia mbali. Chungu walikifinyanga, nusu kwa nusu kama alivyotaka, kikatoka sawa na kikombe cha kahawa, na kila aliyepita akamuuliza Mama Lorna mbona kidogo hivyo, na mkalimani nilikuwa mimi.