Unga Aliomsagia Githinji

Saa kumi na mbili asubuhi, Ijumaa, Job Simiyu amesimama katika jiko la pamoja la nyumba ya wafanyakazi wa kigeni, Lusail, mji wa nchi ya Kiarabu. Kinu cha mkono kimekazwa kwenye ukingo wa meza. Anazungusha mpini polepole, na ngano inadondokea kwenye beseni ikiwa vipande vipande.

Anachota kidogo, anafikicha kati ya vidole, anatikisa kichwa. Anarekebisha skrubu, anaanza tena.

"Ikiwa laini sana, sukari inapanda. Ikiwa nzima, inapita tu tumboni vile iliingia," anasema. "Mimi nataka hapo katikati."

Job, mwenye umri wa miaka 41, ni mwoka mikate katika hoteli moja. Siku sita kwa wiki hukanda unga mweupe. Ijumaa, siku yake ya mapumziko, hupeleka mifuko ya ngano hii mtaa wa Mesaimeer, kwa wagonjwa wa kisukari anaosali nao kanisani huko.

Alianza mwaka 2015 kwa ajili ya mtu mmoja tu: Githinji, dereva kutoka Nyahururu, aliyeishi naye chumba kimoja mtaa wa Al Thumama.

Githinji alikuwa akishinda kwa mkate mweupe na chai. Alipogundulika ana kisukari, alishauriwa ale nafaka isiyokobolewa. Akanunua unga wa ngano wa kahawia, laini kama poda, akawa anapika chapati. Vipimo vikabaki juu.

"Alikuja amekasirika," Job anakumbuka. "Akaniambia, 'Bro, wamenidanganya. Nakula chakula cha ng'ombe na bado sukari iko juu.'"

Job alimsindikiza kliniki. Mtaalamu wa lishe akawaeleza kuwa punje ikiwa na ganda lake, tumbo huimeng'enya taratibu. Ikisagwa laini sana, hata kama pumba na kiini vimo, wanga hubaki wazi na sukari huingia kwenye damu upesi. Afadhali ngano iliyopasuliwa tu, ichemshwe kama wali. Na dawa asiache.

Job akanunua kinu. Wakawa wanaila wote wawili, kwa maharage. Miezi ilivyopita, vipimo vikaanza kushuka.

"Alikuwa anaringa na mimi kwa majirani," Job anasema, akitabasamu kidogo. "Ananiita mama watoto."

Mwaka 2017 hoteli ilimhamishia Job Lusail. Aliendelea kusaga, akawa anajaza mfuko wa kutosha wiki mbili na kumtumia rafiki yake kupitia dereva mwingine.

Lakini ngano iliyosagwa na kiini chake haivumilii joto. Mafuta yaliyomo huharibika, nayo huanza kunuka na kuwa chungu. Job alilijua hilo. Alidhani mfuko unawekwa kwenye friji. Friji ya kile chumba ilikuwa imekufa, na hakuna aliyemwambia.

"Kila nikipiga simu nauliza, 'Imefika?' Ananijibu, 'Imefika, bro. Tamu.'"

Kisha kiatu kikamchubua Githinji mguu. Alikificha kidonda, akaendelea kuendesha gari. Alipofikishwa hospitali mguu ulikuwa umeoza. Alirudishwa Kenya, ukakatwa. Alifariki Machi 2018.

Job hakupewa ruhusa ya kwenda. Alitazama maziko kwenye simu, amekaa ngazi za nyuma za hoteli, aproni bado kiunoni.

Baadaye alimpigia mjane, Wanjiru.

"Nilimuuliza, 'Mama Muthoni, kwani ile ngano haikumsaidia?' Akasema, 'Baba Muthoni alikuwa anaitupa. Ilikuwa inafika imeharibika. Akarudia mkate. Nilimwambia akuambie, akakataa. Alisema, huyo jamaa anasimama kwa tanuri tangu alfajiri. Nikimwambia, hatalala, atanisagia kila siku.'"

Job anaachia mpini. Anajifuta macho kwa mkono wa shati.

"Ningemsagia," anasema. "Kila siku ningemsagia."

Ameelezwa kwamba kilichomuua rafiki yake ni kidonda kilichocheleweshwa, si mkate peke yake. Anaelewa. Bado hawezi kumpigia Wanjiru bila kwanza kukaa chini.

Mchana, huko Mesaimeer, mmoja wa wagonjwa hao, Scovia, Mganda anayefanya kazi za ndani, anapokea mfuko wake. Job hamruhusu kuondoka kabla hajaufungua na kuunusa.

"Jamani, Job, ni mzuri!" Scovia anacheka.

"Nusa tena."

Mkataba wa Job unaisha Desemba. Akifika nyumbani Kitale anataka kuweka vinu viwili vya umeme, kimoja cha unga wa kawaida na kingine cha kupasua nafaka tu, kwa wenye sukari. Atasaga kidogo kidogo, kiasi cha siku chache tu.

Lakini kwanza atapita Nyahururu, kwenye kaburi. Hajui atasema nini hapo.

"Wateja nitawaambia jambo moja tu," anasema. "Ukiona unga wangu ni mbaya, usinionee huruma. Rudi uniambie."