Mlima Ulionyimwa Matuta

Juma lililopita, kwenye maonyesho ya picha mjini Wote, nilisimama nyuma ya mama mmoja wa mwethya, vile vikundi vya akina mama wanaochimba matuta pamoja ili mvua isibebe udongo. Alikuwa ametoka Nunguni kuja kuona mlima wao uliochorwa. Aliutazama, akainama, akautazama tena.

"Mwanangu," akamwambia mchoraji, "matuta yetu yako wapi?"

"Niliyaacha, mama. Yanaharibu umbo la mlima."

"Yanaharibu?" Akaanza kupitisha kidole juu ya picha, tuta baada ya tuta, kila moja mahali pake.

"Mama, usiguse!"

"Huu mlima nimeugusa na jembe miaka minane, na leo ndio unanikataza?"

Mchoraji alitoa leso, akapangusa alipogusa mama.

Mtoto darasani akisahau kuchora mlango wa nyumba, mimi mwalimu wake humwuliza kwa upole watu wataingilia wapi. Siku hiyo upole ulinishinda. Mlima ule wa mchoraji ungenyeshewa Novemba moja tu, udongo wote ungekuwa umefika Mto Athi, naye angebaki na mawe ya kuchora.