Ovaroli Iliyotiwa Wanga

Jirani yangu wa ua mmoja tulimwita Mama Povu, maana alikuwa dobi na mikono yake haikukauka. Shuka alilolifua yeye, inzi akitua juu yake anateleza na kuvunjika mguu. Suruali alizitia wanga zikasimama zenyewe. Siku moja nilipita mlangoni pake nikaiamkia moja, "Shikamoo shemeji," nayo ikaitikia. Anayebisha aje tubishane, kinywa ni changu.

Mumewe alishatangulia, akamwachia mtoto mmoja tu wa kiume, mrefu, mpole, asiyejua kumkatalia mtu. Kijana huyo alipata kazi kwenye kiwanda cha kuyeyusha vyuma chakavu, akawekwa mbele ya tanuri. Huko chuma huchemka kama uji, na hurukia watu. Kwa hiyo walipewa ovaroli nzito, kitambaa kimenyweshwa dawa, cheche ikitua inafia hapo hapo. Zamani kiwanda kilizifua chenyewe. Mashine yao ilipokufa hakuna aliyeililia wala kununua nyingine. Kila mtu akaambiwa, chukua yako, kafue kwenu.

Na kwao huyu ni kwa dobi. Nani asingesema ana bahati?

"Mama," kijana akamwambia, "msimamizi kasema hizi hazitaki dawa ya madoa. Wala wanga. Sabuni kidogo, zisuuzwe sana, basi."

"Msimamizi wako ni dobi?"

"Siyo."

"Basi aniachie beseni langu. Wewe mwenyewe nimekufua tangu unaenea kiganjani, umeshawahi kuchuja rangi?"

Ua mzima tulicheka, na kijana akacheka. Ndani ya kola palishonewa kitambaa kidogo chenye vipicha vilivyokatwa kwa msalaba, kuonyesha yasiyotakiwa. Mama Povu alikifumua kwa wembe. Kilimkwaruza mwanawe shingo.

Msimwone mjinga. Pale kwetu mwanamke alisomwa kwenye kamba yake ya nguo, na kamba ya dobi ndiyo kibao chake cha biashara. Aanike ovaroli ina mafuta meusi kifuani, wateja waseme nini? Akailoweka kwenye dawa ya madoa mpaka rangi ikapauka, akaipikia wanga, akaipiga pasi, mikunjo ikawa ya kukatia nyama. Kijana akaenda tanurini kama bwana harusi.

"Wewe ni fundi au karani wa benki?" wenzake walimtania.

"Mama yangu huyo," alijibu. Nyumbani hakusema neno tena, asije akamvunja moyo.

Kila wiki ikawa hivyo. Dawa ya moto ikatoka kidogo kidogo na maji machafu, wanga ukajaa mahali pake, na kwa macho nguo ilizidi kupendeza.

Asubuhi moja ndoo ya chuma kilichoyeyuka iliyumba ikatema cheche. Ziliwaangukia watu watatu. Wawili walijipangusa, wakatukana, wakaendelea na kazi. Mtoto wa Mama Povu akawaka.

Msimamizi alikuja mwenyewe uani, kofia mkononi. Mama Povu alikuwa bado ana povu hadi kwenye viwiko.

"Wenzake hawakuungua?"

"Hawakuungua, mama."

"Nguo zao ni hizo hizo?"

Msimamizi akatazama viatu vyake. "Ni hizo hizo."

Nilimsubiri apige yowe. Yowe lingetusaidia sote. Aliinama tu, akafunga bomba la maji.

Hospitali tulikwenda pamoja. Kijana alilala chali, ameungua kutoka kiunoni mpaka kidevuni, na muuguzi akatuambia tusimshike. Mama yake alitaka kitu kimoja tu duniani, aishi. Hata akiishi bila kumtazama mama yake tena usoni, aishi.

"Mama," kijana akasema, sauti kama karatasi, "sikufunga vifungo. Uzembe wangu."

Mimi uongo naujua, nimeulea. Huo ulikuwa mzuri kuliko wowote niliowahi kuutunga, na haukufaa kitu. Vifungo vile alivifunga mpaka kooni kila alfajiri, tukimwona.

"Nyamaza, baba, usijichoshe," mama akamjibu.

Siku zikaenda, kijana akazidi kupungua. Kukacha asubuhi yenye jua kali, madirisha wazi, na kijana anatetemeka.

"Mama, baridi. Nifunike."

Muuguzi alikuwa ameacha shuka safi miguuni, akasema kijana akiomba, tumfunike polepole. Mama Povu akaliinua, akalinusa, akaligeuza nje ndani.

"Limefuliwa na nini hili?"

"Sijui, mwenzangu."

"Limetiwa nini?"

"Ni shuka tu. Mfunike mtoto."

"Nifunike, Mama."

Alilishika vile vile, limekunjwa. Nilimwona akijaribu. Vidole havikufunguka. Nikamtoa shuka mikononi, kidole kimoja kimoja, nikalikunjua, nikamfunika nalo mtoto wa watu mpaka kifuani. Alikuwa amefumba macho.

"Ahsante, Mama," akasema.

Hayo yakawa maneno yake ya mwisho. Mama yake alikuwa ameegemea ukuta, mikono ameificha mgongoni, na alisikia.