Jani la Mahindi na Jani la Sombe

Nakumbuka asubuhi moja kule Nyakabuye, mwanangu, tulipokuwa tumetoka Bukavu na vita vya Kongo bado vinaendelea ng'ambo ya mto. Kaka yangu Deo alibaki huko. Wenzake walituambia wazi kwamba amekufa, lakini Maman hakukubali. Kila jioni alimpakulia sahani yake. Mimi sikuweza kutulia. Nilikuwa nimekwisha kuwaita ndugu waje Jumapili tunywe pombe ya kumaliza kilio kama desturi, Maman atake asitake.

Asubuhi hiyo nilichuma sombe, yale majani ya muhogo tunayopika, kisha nikaingia katika mahindi ya shangazi yangu kuwatafutia mbuzi majani. Jani la muhogo lina kikonyo kirefu; ukilivunja penye shina linaachia, na mti hausikii kitu. Nikayavuta mahindi vivyo hivyo, kwa haraka. Lakini jani la mahindi halina kikonyo. Chini yake kuna ala inayolizunguka shina lote kama nguo. Bua likavunjika, pamoja na hindi lake changa.

“Weye!” shangazi akaita. “Unalisha mbuzi ama unatuletea njaa?”

“Ni majani tu, shangazi.”

“Majani tu! Hata muntu kipofu angesikia kwa mukono kama hili limeshika. Kata hapa juu. Ile imevaa shina uiache, itakauka yenyewe.” Akaniangalia. “Na Maman yako, Jumapili unaenda kumuvuta vile vile?”

Nilipita kwa ndugu mmoja mmoja kuwaambia wasije. Wengine walinikasirikia, pombe ya ndizi ilikuwa tayari.

Maman aliendelea na sahani ile miezi mingi. Nikiisikia ikigusa meza, nilitoka nje nikazunguka nyumba. Halafu siku moja, bila kuulizwa, akaniambia, “Ita batu. Deo hatarudi.” Tukamaliza kilio, na yeye mwenyewe ndiye aliyewagawia watu pombe.

Mwanangu, mimi mpaka leo sijatulia, siwezi kukudanganya. Ila ukikaa na mfiwa, usimhesabie siku. Mchotee maji, mlimie shamba lililolala, nyamaza naye. Kuna anayeachia mapema, na kuna aliyemshika mtu wake pande zote. Huyo ukimvuta unamvunja. Mungu akupe mikono ya taratibu, na siku yako ya kulia akuletee watu wasiokuharakisha.