Siku Mfuta Vioo Alipopanda Mnarani kwa Mlango wa Wageni

Asubuhi na mapema, upepo ukiwa bado umelala, mwanamume mmoja anavuka ukingo wa paa la mnara mrefu kuliko majengo yote ya mjini. Anajiweka kwenye kibao chake kama mtu anayekaa sebuleni kwake, anavuta kamba ya kwanza, anavuta ya pili.

"Umeshikwa?" nyapara anauliza kutoka juu.

"Nimeshikwa!"

Hapo ndipo anapojiachia. Kwa wafuta vioo, maneno hayo ni salamu na ni sala. Yasipoitikiwa, hakuna anayeshuka. Ndoo ya sabuni inagonga ukuta, mpira wa kufutia unateremka kiooni, na povu chafu linaufuata.

Wenzake wanamwita Mjusi. Ana mke na watoto wawili, na kwa miaka tisa ameufuta mnara huu ambao watu hutoka mbali kuja kuupanda. Juu kuna ukumbi wa kutazamia mji. Chini kuna bustani, bwawa la bata na treni ndogo ya watoto. Jumapili familia humiminika hapo kama mchwa, lakini familia yake haikuwahi kufika.

"Mganga hajigangi," anasema akicheka. "Ukitoka kazini, mahali pa mwisho unapotaka kupaona ni kazini."

Aliyembadilisha nia ni binti yake wa miaka sita, ambaye kwa kupenda kwake maneno wanamwita Chiriku. Siku moja darasa lake lilipitishwa njia ya mnarani. Mtoto akainua macho, akaona mtu ananing'inia ukutani, akaitambua kofia ya njano ya baba yake.

Tangu siku hiyo Chiriku akanyamaza. Kila asubuhi baba alipofunga viatu, mtoto aliung'ang'ania mguu wake. Akipelekwa shule, alilia mpaka mwalimu akamrudisha nyumbani.

Mama Chiriku, fundi wa kushona sare za shule, hakuzunguka mbuyu. "Nilimwambia, Baba Chiriku, ama mtoto atulie, ama wewe ushuke. Kazi za chini zipo. Kufagia hakujaua mtu."

Zipo kweli, ila malipo yake ni nusu, na vyumba viwili wanavyopanga havilipiwi kwa nusu. Mjusi akatafuta maneno ya kumbembeleza binti yake. "Usilie, mwanangu. Nikiwa kule juu nakuona unavyokwenda shule. Nakulinda."

Maneno hayo yalimpoza kwa muda mfupi. Kisha akauliza: "Unaniona kweli? Basi nipeleke ukanionyeshe."

Hivyo ndivyo safari ya Jumapili ilivyozaliwa. Mjusi alivaa shati lililopigwa pasi. Mama alibeba mkate na chupa ya chai. Kitinda mimba wao wa miaka mitatu, Kibonge, alipanda mabegani mwa baba na kuyashika masikio yake kama usukani.

Walianzia bwawani. Kibonge aliwakimbiza bata hadi bata mmoja alipochoka kuonewa, akageuka, akamkimbiza yeye. Treni waliipanda, wakarudi wakaipanda tena. Watoto wengine walipiga kelele za furaha. Chiriku aliukazia mnara macho.

"Tunapanda lini?" ndilo neno lake pekee.

Kwenye lifti, mtu huyu ambaye kila siku ananing'inia hewani alifumba macho na kumshika mkewe mkono.

"Sanduku hili linashikwa na nani?" alinong'ona.

"Makubwa!" mkewe akacheka mpaka machozi. "Mwanamume wa kamba anaogopa kabati!"

Walipofika juu, Mjusi akawa mwenyeji. Huu ulikuwa mnara wake. "Shule iko kushoto. Nifuateni."

Wakamfuata kushoto, wakakuta maghala na moshi wa kiwanda. Akakuna kichwa, akawazungusha tena, akaonyesha paa jekundu kwa kidole kisicho na shaka.

"Baba Chiriku," mkewe akasema taratibu, "hilo ni soko."

Alipotarajia kushoto alikuta kulia. Kwa miaka tisa ameujua mnara akiwa nje, uso kiooni, mgongo kwa mji. Kushoto kwake ni kulia kwa mgeni. Na mji wenyewe hakuwahi kuutazama. Aliuona umejichora kwenye kioo, nao ulipotea kila alipopaka povu.

Aliyeiona shule ni Chiriku. "Ile pale. Si lile tangi letu la bluu?" Akageuka, akamtazama baba yake. "Kumbe huwa hunioni."

"Ningeweza kumchomekea neno jingine," Mjusi anasimulia. "Lakini alinitazama kama mkaguzi. Nikaona nikidanganya tena, nimempoteza."

Akachutama mbele yake, wageni wakipita na kuwasukuma. "Sikuoni, mwanangu. Nikiwa nje natazama kioo na natazama kamba. Basi. Nikianza kukutafuta wewe, mkono utasahau kamba."

Mtoto alifikiri.

"Kamba inafungwa wapi?"

Nyapara, aliyekuwa zamuni siku hiyo, akawafungulia mlango wa paa na kuwasimamisha kizingitini, wasivuke hata unyayo. Akawaonyesha kulabu mbili nene zilizozamishwa kwenye zege, moja ya kamba ya kazi, moja ya kamba ya akiba.

"Hii ikikatika?" Chiriku akauliza.

"Inabaki ile."

"Na ile ikikatika?"

"We mtoto, umetumwa?" Nyapara alicheka, kisha akaona hachekewi. Akachuchumaa. "Sikiliza, bibi. Kila asubuhi tunazipapasa watu wawili, kidole kwa kidole. Iliyochubuka tunaitupa, hata kama ilinunuliwa jana."

"Nani anamfungia baba?"

"Anajifungia mwenyewe. Hapa hatufungiani. Mimi nakagua fundo lake, halafu namwuliza kama ameshikwa. Akikaa kimya, hashuki."

Chiriku akamgeukia baba yake. "Umeshikwa?"

"Nimeshikwa," Mjusi akaitikia kwa mazoea, mikono mfukoni.

"Hujafunga kamba!" mtoto akamkemea. "Usiitikie kama hujafunga!"

Nyapara akapiga makofi. "Jamani, mwenye kazi yangu amekuja."

Tangu aione ile kofia ya njano, hiyo ilikuwa mara ya kwanza Chiriku kuzungumza njia nzima hadi nyumbani. Alipofikishwa mlangoni alitoa amri yake: "Kesho usinitafute. Wewe tazama kamba. Mimi shule naijua njia."

Jumatatu alikwenda shule. Mama yake alimsindikiza hadi barabara ya mnarani, wakasimama. Juu kabisa, kofia ya njano ilikuwa inateremka polepole.

"Nilidhani atalia," anasema Mama Chiriku. "Alimtazama baba yake kitambo. Baba hakugeuka hata mara moja. Mtoto akanivuta mkono, 'Mama twende, anafanya kazi.'"

Hofu haijaisha yote. Siku za mawingu mazito mtoto bado huuliza kama upepo utakuja, na baba humjibu ukweli: ukija, hatashuka. Lakini shule hajakosa tena, na habari za kuhamia kwenye ufagio zimekufa.

Mjusi amegundua kwamba nyumba yake haikuwa peke yake. Mwenzake mmoja ana mtoto anayejificha uvunguni kila baba akiondoka. Mwingine bado anamwambia mama yake kwamba yeye ni karani.

Ndiyo maana amekwenda kwa meneja wa mnara na ombi moja: kila mwaka itengwe Jumapili moja, familia za wafuta vioo zipande bure, zifike mpaka mlango wa paa, zionyeshwe kulabu na kamba. Meneja alimjibu, "Tutaona."

"Nimemwambia nitarudi Ijumaa," anasema Mjusi akikung'uta mpira wake. "Akisema tutaona, nitarudi Ijumaa nyingine. Mimi huwa nangoja nikiwa nimening'inia. Pale ofisini kwake kuna kiti, nitachoka na nini?"